Albamu ya sauti na gitaa: studio ya kulipia au chumba cha nyumbani?

Mwezi uliopita alinijia kijana wa Makorora, hapa Tanga, muuza machungwa ya Muheza, daftari kwapani na gitaa mgongoni limefungwa kwa kanga kwa kuwa mfuko wake ulishachanika. Baada ya shikamoo hakuzunguka. "Kaka, nina nyimbo kumi na moja. Akiba yangu haitoshi kufanya mambo mawili. Niende studio nilipie kwa wimbo, au nitafute vifaa nirekodi nyumbani?"

Nilimwambia akae barazani aniimbie tatu kwanza. Wimbo wa pili ulianza hivi:

*Nikumbuke ukivuka, Pangani maji yajaa*

Alipofika kwenye "yajaa" alilivuta neno, akaliacha gitaa linyamaze kidogo, akapumua, ndipo akaendelea na ubeti. Kimya kile kilinifanya nilifikirie upya jibu ambalo nimekuwa nikiwapa watu miaka yote: "Nenda studio, mgosi, usijisumbue."

Njia zote mbili nimezipita. Albamu yangu ya kwanza niliifanya studio ya mjini, wimbo kwa wimbo, nikilipa kila nilipopata. Ya pili niliirekodi chumba cha nyuma cha nyumba ya shangazi yangu, Pangani, kwa vifaa vichache vya kununua na vingi vya kuazima. Ninayoyaandika ni kwa ajili ya mtu wa aina ya kijana yule, anayetunga mwenyewe, anaimba mwenyewe na kupiga gitaa lake mwenyewe. Anayechana juu ya biti hesabu yake ni nyingine, na kwa kweli yeye aende studio tu.

Studio: tabaka juu ya tabaka

Studio nyingi ninazozijua hapa mjini hujenga wimbo tabaka kwa tabaka. Prodyuza anakuuliza mwendo wa wimbo, anautafutia namba, tuseme mapigo 76 kwa dakika, anakuwekea kliki masikioni, nawe unapiga gitaa peke yake kuanzia mwanzo hadi mwisho ukifuata tik, tik, tik. Juu yake anapanga ngoma za kompyuta, besi, kinanda, pengine na fidla zinazotoka kwenye kinanda hichohicho. Wewe unaingia kibandani kuimba mwisho kabisa. Ni kama mwenye harusi anayefika ukumbini viti vyote vimeshakaliwa.

Faida zake ni kubwa, nisizifiche. Kila sauti imekaa peke yake. Ukikosea neno moja katika ubeti wa tatu, unarudia neno hilo tu, prodyuza analipachika, na msikilizaji hatajua kamwe. Ukitaka gitaa lipungue, linapungua bila kuigusa sauti yako. Ukiamua mwakani kwamba ngoma zinaharibu wimbo, unaziondoa. Na kwa wimbo wa kucheza, ule unaotakiwa upigwe harusini ukifuatana na nyimbo nyingine zenye mapigo yaliyonyooka, sioni njia iliyo bora kuliko hii.

Tatizo ni kwamba kliki haimngoji mtu. Shairi letu lina mizani, nane kwa nane, lakini mwimbaji hayatembezi mashairi kama gwaride. Neno la Kiswahili hubebwa na silabi ya pili kutoka mwisho, na mwimbaji anayejua anachokisema huivuta silabi hiyo pale ambapo maana ni nzito, kisha huyapitisha haraka maneno mepesi yanayofuata ili afidie. Nilimjaribu kijana palepale barazani. Nikaweka programu ya kliki kwenye simu, mapigo 76, nikamwambia aimbe tena wimbo uleule. Alifuata vizuri, hakukosea hata mahali pamoja. Ila "yajaa" ilikatika kama mtu aliyefungiwa mlango usoni, na gitaa likaingia kabla hajavuta pumzi. Yeye mwenyewe aliinua kichwa akanitazama. Hakuna kilichoharibika ambacho ungeweza kukiandika kwenye karatasi, lakini wimbo haukuwa ule.

Wazee wetu wa Tanga hawakuijua shida hii. Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, wote walikuwa watu wa kupiga pamoja. Hata Radio Tanzania ilipokuwa ikirekodi bendi enzi za utepe, bendi ilipiga nzima kwa mara moja, na aliyekosea aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Ukizisikiliza rekodi za zama zile kwa makini utasikia wimbo ukipanda mwendo kidogo unapokaribia mwisho, kwa sababu damu imechemka. Sisemi turudi kwenye utepe. Nasema masikio ya watu wa hapa yalilelewa na muziki unaopumua, na mtu akiimba kwa kupumua hatuhitaji kuelezwa.

Jambo moja wengi hawalijui: studio si lazima iwe na kliki. Ni mazoea tu. Nenda kabla hujatoa pesa, mwambie prodyuza, "Nataka kuimba na kupiga kwa wakati mmoja, bila kliki, halafu tutazame tunaongeza nini." Wapo watakaokubali kwa furaha. Wapo watakaokuambia haiwezekani, na hao wana sababu, kwa kuwa kazi yao yote baada ya hapo, kupanga ngoma na kukata na kupachika, inategemea namba ile ya mwendo. Jibu lake litakuonyesha kama ndiye mtu wako.

Nyumbani: sauti na gitaa kwa pamoja

Kule Pangani nilirekodi kwa maiki mbili, moja ya mdomo na moja ya gitaa, nikiimba na kupiga kwa pamoja. Hapo utakutana na gharama ya njia hii, na ni vizuri uijue mapema. Maiki ya mdomo inasikia gitaa, maiki ya gitaa inasikia mdomo. Sauti zinavujiana. Ukikosea neno huwezi kulipachika peke yake, maana ukiondoa neno unaondoa na kipande cha gitaa kilichovujia mle. Unarudia ubeti, au wimbo mzima. Wimbo mmoja nilioupenda sana niliurudia mara 19 kwa usiku tatu, na uliobaki kwenye albamu ni wa mara ya 4. Zilizofuata zote zilikuwa safi zaidi, na hazikuwa na roho.

Uzuri wake ni kwamba kimya kama kile cha kijana wa Makorora kinabaki. Mkono na mdomo vinaongozwa na kichwa kimoja. Mdomo ukisita, mkono unasita.

Kuhusu maiki, zipo za namna mbili utakazokutana nazo. Ile ya mkononi ya kumbini, kama Shure SM58 ambayo imekuwepo tangu mwaka 1966, haihitaji umeme wa ziada, ni ngumu kama jiwe, na inasikia zaidi kilicho mbele yake kuliko kilicho mbali. Ile ya kondensa inahitaji volti 48 kutoka kwenye saundi kadi (kile kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta), ina masikio makali, inanasa hata vidole vikiteleza kwenye nyuzi, lakini inanasa pia kuku wa jirani. Watu hukimbilia kondensa kwa sababu ndiyo wanayoiona kwenye video za studio. Kwa chumba cha nyumbani kisichotulia, SM58 moja iliyo nzima itakupa sauti unayoweza kuitumia, na kondensa ya bei rahisi itakupa mtaa mzima.

Mdomo uwe shubiri moja hivi kutoka kwenye maiki. Ukiisogelea zaidi sauti inakuwa nene, nzito, inapendeza kwa dakika moja halafu inachosha. Maiki ya gitaa usiielekeze kwenye tundu, huko ni mvumo mtupu. Ielekeze pale shingo inapokutana na mwili wa gitaa, shubiri moja na nusu hivi, kisha sogeza kidogo kidogo huku mtu mwingine akisikiliza. Nyuzi badilisha siku moja kabla, si saa ya kurekodi, kwa sababu mpya hulegea na kila baada ya wimbo utakuwa unatyuni. Lakini pia usiache wiki tatu. Hewa yetu ya chumvi inazila nyuzi, zinakuwa na kutu na sauti ya bati.

Na kiti. Usiku wangu wa kwanza Pangani nilirekodi nyimbo nne, nikalala nimeridhika. Asubuhi nikavaa hedifoni nikasikia, chini ya kila ubeti, kitu kinalia kwii, kwii. Kilikuwa kiti cha mbao nilichokalia, kila nilipopiga mguu kufuata mwendo. Nyimbo zote nne zilikwenda na maji. Nilimaliza albamu nikiwa nimekalia kigoda cha mama, miguu mitupu juu ya mkeka.

Chumba kina sauti yake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopoteza pesa, nyumbani na studio pia.

Kabla ya Pangani nilijaribu kurekodi chumbani kwangu, Chumbageni. Chumba cha mita 3 kwa 3, sakafu ya saruji, kuta tupu. Kila nilipogusa uzi wa tano wa gitaa, ule wa A, ilikuwa kama mtu amepiga pipa. Nyuzi nyingine zilikaa kimya, huo mmoja unavuma. Nilidhani gitaa limepasuka ndani. Nikamwita fundi mitambo mmoja wa kumbi za harusi, mtu mzima, akaja na futi ya kupimia badala ya bisibisi. Akapima ukuta hadi ukuta. Akaniambia, "Gitaa lako zima. Chumba chako ndicho kinachopiga besi."

Alinieleza, na baadaye niliyafanyia hesabu mwenyewe. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kati ya kuta mbili zilizoachana mita 3, sauti nzito hujikusanya kwenye mitetemo kama 57 kwa sekunde, na tena kwenye maradufu yake, 114. Uzi wa A ukipigwa wazi hutetema mara 110. Umeona? Ulikuwa unagonga palepale kwenye kidonda cha chumba. Na kwa kuwa chumba kilikuwa mraba, urefu na upana vilikuwa na kidonda kimoja, vikizidishana.

Chumba cha shangazi ni kinyume chake. Nyumba ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama mkono kutoka kiganja hadi kiwiko, juu boriti, chumba kirefu na chembamba kuliko mraba. Ndani mna samadari, kabati la nguo, magunia, na godoro la zamani la usumba ambalo nililisimamisha nyuma yangu. Mawe yale hayajanyooka, kila moja lina kishimo na kinundu, sauti inatawanyika badala ya kurudi mzimamzima. Hakuna nililolifanya la ujuzi. Nilikuta chumba chema.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua studio au nyumba, fanya hivi. Simama katikati, piga kofi moja kubwa. Ukisikia mlio mfupi wa chuma ukifuata kofi, kama mtu anatikisa ufunguo, chumba kitupu mno. Kisha kaa na gitaa, piga uzi mmoja mmoja polepole, nguvu ileile. Ukisikia uzi mmoja unaruka kuliko wenzake, hama upande wa chumba, au hama chumba. Mwenye studio nzuri hatakukatalia dakika 5 za kufanya hivyo.

Na trei za mayai tuziache. Nimeziona zimebandikwa ukutani kila mahali, studio za watu wazima na za wanafunzi. Hazizuii sauti kutoka wala kuingia, na mvumo mzito hazijui hata upo. Zinapunguza tu makali ya juu kidogo, kwa hiyo chumba kinabaki kuvuma na sauti yako inakuwa butu. Magodoro mawili mazito na mablanketi yaliyotundikwa mbali kidogo na ukuta yatafanya zaidi, kisha utayalalia usiku.

Kelele za nje ni hesabu ya saa na majira. Studio iliyojengwa vizuri inakuondolea shida hii, na hapo inashinda bila ubishi. Nyumbani, mjini kama Ngamiani, utapata nafasi baada ya bodaboda kupungua usiku, na utamaliza kabla ya adhana ya Alfajiri. Ijumaa na Jumamosi sahau, kuna maharusi. Feni lazima uzime, friji lazima uzime, na hapo ndipo mwezi unakuwa muhimu: Februari, kaskazi ikiwa imepoa na joto limekaa, baada ya wimbo mmoja jasho linatiririka hadi kwenye vidole. Masika mvua juu ya bati inafuta kila kitu. Mimi nachagua Julai na Agosti, usiku wa kusi, hewa imepoa na unaweza kufunga madirisha bila kuzimia. Umeme ukikatika, kompyuta mpakato yenye betri nzuri na saundi kadi inayokula umeme wa kompyuta hiyohiyo zitakumalizia wimbo. Huu ndio usiku mtulivu kuliko yote, kwa sababu na redio za majirani zimezimika.

Masikio ya mtu mwingine

Kama nimeipendelea nyumbani mpaka hapa, sasa nirudishe haki ya studio.

Katika albamu ya kwanza kulikuwa na wimbo ambao niliuimba nikijiona nimefika. Prodyuza alizima mitambo, akaniuliza taratibu, "Huyu unayemwimbia, unamkasirikia au unamlilia? Maana nasikia yote mawili." Nilikaa nje ya studio nusu saa nikifikiri. Niliporudi niliondoa ubeti mzima. Wimbo huo watu wa hapa wanaujua hadi leo, na ubeti ule haupo. Pesa yote niliyoilipa pale ilikuwa ya swali lile.

Nyumbani huulizwi. Unaimba, unasikiliza, unajipenda, kesho yake unajichukia, unarudia. Albamu ya Pangani niliyodhani ni ya wiki mbili iliniendea miezi saba, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuniambia imetosha. Ukiamua kurekodi nyumbani, tafuta mtu mmoja, si rafiki anayekusifia, mtu anayesikiliza maneno. Mkalishe chumbani, nyuma yako, wakati unaimba. Utaimba tofauti pia, kwa sababu una mtu wa kumwambia.

Pesa na faili

Studio inakula pesa kwa wimbo au kwa saa. Nyumbani inakula pesa mwanzoni halafu inatulia. Unahitaji kompyuta, saundi kadi ya matundu mawili, maiki mbili na stendi zake, waya, hedifoni za kuziba masikio. Programu si lazima ununue, Audacity ni ya bure na inatosha kwa sauti mbili. Ukiwa na nyimbo tatu tu, kununua vifaa ni kujipa mzigo. Ukiwa na 11, na unajua utaendelea kutunga, vifaa vinaanza kurudisha. Kijana nimemshauri asinunue chochote kwanza, aazime na kukodi, kwa sababu pesa ya mtunzi mchanga iende kwenye muda. Mtu aliye na siku kumi na maiki ya kawaida atanifurahisha kuliko aliye na maiki ya thamani na saa mbili.

Rekodi kwa biti 24 (mpangilio wa ubora kwenye programu, si biti ya kuchana), na usipandishe sauti hadi taa nyekundu. Kilele kikicheza kati ya desibeli -12 na -6 kwenye mita ya programu panatosha. Kuongeza ni rahisi baadaye, sauti iliyopasuka haishoneki.

Sasa faili, na hili nalisema kwa uchungu. Miaka miwili baada ya albamu ya kwanza nilitaka kuondoa ngoma kwenye wimbo mmoja nibaki na gitaa na sauti. Nikarudi studio. Kompyuta ilikuwa imekufa, diski imekwenda nayo, na mimi mkononi nilikuwa na MP3 tu, sauti zote zimeshachanganywa pamoja. Faida ile niliyoitaja, ya kila sauti kukaa peke yake, ilikuwa imezikwa. Tangu siku hiyo simalizi malipo ya mwisho kabla sijapewa faili zote za kila sauti, WAV, kwenye diski yangu, na nakala ya pili naiweka nyumba nyingine. Nyumbani faili ni zako tangu mwanzo, ila na hatari ni yako.

Andikianeni pia. Maneno na melodi ni kazi ya mtunzi. Rekodi yenyewe ina haki zake, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitenganisha. Prodyuza akikupangia muziki mzima, naye ametunga sehemu. Karatasi moja yenye majina, migawo na sahihi kabla ya kurekodi, kisha mkasajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mkiiacha hadi wimbo upendwe, mtaongea mkiwa mmeshakasirikiana.

Kumiksi, na safari ya Bagamoyo

Hata ukirekodi nyumbani, usimiksi mwenyewe, yaani kuzichanganya sauti na kuzipa uwiano. Baada ya kuusikia wimbo mara mia husikii tena maneno, unasikia kumbukumbu yako. Mpelekee mtu wa studio faili, mlipe kwa kazi hiyo moja. Mwambie asiibane sauti ili ishindane kwa ukubwa. Spotify kwa kawaida hushusha nyimbo zenye sauti kubwa hadi karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo wimbo uliobanwa hautasikika mkubwa zaidi kule, utakuwa umechoka tu. Na umwambie asikijaze kile kimya.

Kuna wanaoniuliza kuhusu kwenda kurekodi Bagamoyo. Kama nyimbo zako zinataka zeze, marimba au ngoma za mkono, basi ndiyo, safiri. TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, imeujaza mji ule wapigaji, na ndiko alikoishi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo ambaye kazi zake za ilimba (marimba ya vidole) na zeze zilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel ya Uingereza. Nenda ukarekodi nao chumba kimoja, ana kwa ana. Zeze la kuongezwa baadaye juu ya kliki ni afadhali uliache.

Kijana wa Makorora tulikaa naye hadi magharibi tukipitia daftari. Nyimbo 4 kati ya 11 zinataka ngoma na besi, na mwenyewe anazisikia hivyo kichwani. Hizo atakwenda nazo studio, kwa kliki, atoke na faili zake. Zile 7, pamoja na ule wa Pangani, atarekodi Julai kwa shangazi yangu. Chumba bado kipo, godoro la usumba bado lipo. Dada yake, ambaye anamkosoa kila neno, atakaa nyuma yake. Maiki ataazima kwangu. Alipokuwa anafunga gitaa kwenye kanga nilimuuliza nyumbani anakalia nini akipiga. Akasema kiti cha mbao, cha zamani kidogo. Kesho yake asubuhi alirudi na bodaboda kuchukua kigoda.